Wakunga wapya, mwulizeni mama kabla ya kumgusa

Kila kundi jipya la wakunga linapoingia leba, maneno yale yale hurudi katika ripoti ya zamu: "Mama hana ushirikiano." Nimechoka kuyasoma, wadogo zangu, na kwa kuwa nawapenda, naona heri niwaambie wazi. Miongoni mwa kina mama mnaowaandika hivyo wamo waliofanyiwa ukatili wakiwa watoto, tena si wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa wasichana hao sasa ni watu wazima, na ndio hao wanaokaa kwenye mabenchi yetu ya kliniki wakisubiri kuitwa.

La kwanza ni kupima njia, yaani kuingiza vidole ukeni kujua mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani. Hivi karibuni nilimwona mkunga kijana akivaa glovu na kumwendea mama bila hata salamu. Mama alijisogeza juu ya kitanda, akabana mapaja na kukaza macho darini. Akaambiwa, "Legeza miguu, mbona wakati wa kutafuta mimba hukuona haya?" Kauli hiyo hurithishwa leba kana kwamba ni sehemu ya mafunzo, nami nataka ife. Mama alinyamaza, akalegea, akaacha kujibu hata alipoulizwa kama uchungu umezidi, na mkunga akaridhika kwamba ametulia. Hakuwa ametulia. Mtoto aliyeumizwa na mtu mzima ambaye hawezi kumkimbia hujifunza kuuacha mwili pale pale na kwenda mbali kwa mawazo, na mwili huo huo, miaka mingi baadaye, hurudia somo lile unapolazwa chali na kushikwa na mtu mwenye mamlaka. Kwa hiyo mweleze unachotaka kufanya na sababu yake, mwombe ruhusa, kisha usubiri jibu. Mfunike kwa khanga yake, mwache ainue kichwa na mgongo akitaka, na umwambie, "Ukisema acha, nitaacha." Akisema, acha kweli. Leba ikienda vizuri, kipimo kila baada ya saa 4 kinatosha. Mama mmoja hapaswi kupimwa na wanafunzi watatu kwa zamu ili wote wajifunze.

La pili, msichimbe habari. Huhitaji kujua alifanywa nini ili umhudumie kwa heshima. Swali moja la faragha linatosha: "Kuna jambo lolote ungependa tulijue, au usilopenda tulifanye, tunapokuhudumia?" Akieleza, msikilize, mwambie pole na kwamba halikuwa kosa lake. Usimwulize kwa nini hakusema mapema.

La tatu husahaulika hata na wazoefu. Kwa desturi ya jamii zetu nyingi, uzazi wa kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwao, akalelewe hadi arobaini. Sisi nasi humhimiza, tukiamini kwamba hakuna mahali pazuri zaidi. Lakini huenda nyumba hiyo ndiyo alimoumizwa, na mjomba aliyemuumiza bado anakula meza moja na familia. Nimewahi kumsikia mama akiomba abaki wodini siku moja zaidi bila kutaja sababu, na muuguzi akamjibu kwamba mtoto ni mzima na kitanda kinahitajika. Kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani, mwulize akiwa peke yake: utakwenda wapi, nani atakuwapo, na nani atambeba mtoto? Vivyo hivyo kwa msindikizaji wa leba: achaguliwe na mama mwenyewe, kwa maana shangazi aliyeletwa anaweza kuwa ndiye aliyeambiwa zamani akakataa kuamini.

Akishindwa kunyonyesha kwa sababu kuguswa titi kunamrudisha utotoni, msaidie kukamua na usimwite mvivu. Msimtazame kama mtu atakayemtesa mwanawe, kwa maana walio wengi hawafanyi hivyo, na hofu ya kushukiwa ndiyo huwafanya wakimbie kliniki.

Kwenye kadi andikeni "aombwe ruhusa kabla ya kila kipimo", basi. Kadi hulala nyumbani, husomwa na mume na mawifi, na simulizi yake si yao.

Mwisho, msiahidi siri msiyoweza kuitunza. Akikwambia kwamba aliyemuumiza sasa anaishi na watoto wengine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa. Mweleze hilo mapema, kabla hajafungua moyo, kisha mketi pamoja na afisa ustawi wa jamii, naye mama awe na kauli kuhusu namna ya kulinda usalama wake mwenyewe taarifa itakapofika kijijini.