Leo Wanajua, Wiki Ijayo Wamesahau

*Nafundisha darasa la tano huku Tukuyu. Nikiuliza mwisho wa kipindi, kila mtu ananyoosha mkono. Wiki ikipita, ni kama sikuwahi kuwafundisha. Nakosea wapi?*

Mwalimu mwenzangu, unapima mapema mno. Mwisho wa kipindi sauti yako bado iko masikioni mwao na ubao haujafutwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi wasome. Baadhi waliirudia kuisoma. Wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani ndio waliokumbuka zaidi.

Basi kabla ya somo jipya, madaftari yafungwe dakika 5. Kila mtoto aandike anachokumbuka cha wiki iliyopita, kisha afungue ajisahihishe. Usitoe alama, na tafadhali usimchape wala kumkaripia aliyeacha karatasi tupu. Watahangaika, nawe utawaonea huruma. Vumilia, maana huko kuhangaika ndiko kunakofanya somo likae.

*Fizikia, sekondari, Mbeya mjini. Wanafunzi wangu wanataja kanuni neno kwa neno, lakini nikibadili swali kidogo tu wanakwama.*

Waulize kwa nini maharage yanachelewa kuiva Mbeya kuliko Dar es Salaam. Wengine watasema baridi, wengine kuni mbichi, wengine aina ya mbegu. Waache wabishane, usiwahi kuwapa jibu (najua linawasha mdomoni). Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 94 badala ya 100. Yakishachemka, hata uongeze kuni hayapandi joto, yanakauka haraka tu.

Sasa badili swali: sufuria ya presha inasaidiaje? Anayeweza kuvuka kutoka swali la kwanza hadi hili bila kushikwa mkono ameelewa. Anayetaja kanuni tu, bado. Na jioni akimkuta mama yake anachochea moto chini ya chungu cha maharage, somo litamrudia lenyewe.

*Nina wanafunzi 90 darasani, Iringa vijijini. Haya mambo yanawezekana kweli?*

Yanawezekana kwa jozi. Wa kushoto amweleze wa kulia kwa dakika 2, daftari limefungwa, kisha wabadilishane. Pita usikilize jozi tatu nne tu. Makosa utakayoyasikia hapo ndiyo uyarudie ubaoni.

*Mwanangu yuko kidato cha kwanza, Njombe. Anakariri Kiingereza asichokielewa. Mimi niliishia la saba, nitamsaidiaje?*

Mama, elimu yako inatosha kabisa kwa kazi hii. Mkiwa mnamenya viazi, mwambie akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kibena, alichofundishwa leo. Pale usipoelewa, mwambie wazi, "Hapo sijaelewa, rudia." Akishindwa kukueleza, hapo ndipo penye shimo, naye aliandike kama swali la kumuuliza mwalimu kesho. Maana ikishakaa kichwani ndipo atafute maneno yake ya Kiingereza, machache machache, ayatungie sentensi zake mwenyewe.