MUULIZE MWALIMU: Mchezaji wa kuja, timu ya mkoa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu anasoma Galway, kule Ireland, akanitumia jezi ya kijani ya Connacht, timu yao ya raga. Nimeivaa kijiweni Barabara ya 12, nikajigamba kwamba hii ni timu ya mkoa tu lakini wachezaji wanaishi kwa mshahara wa raga. Wakanitaka niwataje. Nikaingia kwenye simu: huyu kazaliwa Auckland, yule Nigeria, na kocha aliyewapa ubingwa aliwahi kuwa nahodha wa Samoa. Wamenicheka mpaka muuza kahawa akatua birika. Hiyo ni timu ya mkoa au ya kukodi? Na nani anawalipa?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mgosi. Hao wenzako wa kijiweni wamesahau UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, upesi hivyo? Timu ya mkoa tulikuwa tunaichagua kutoka shule za mkoa, na shule zetu za bweni zilijaa watoto wa Mara, Kagera na Kigoma. Mwaka mmoja nilikuwa na mrusha mkuki kutoka Ukerewe. Fulana za mkoa zilikuja chache na ndogo, yake ikamwishia juu ya kitovu, neno TANGA limempanda karibu na kidevu. Aliporusha, kambi yetu yote ilisimama, wapishi wakiwemo. Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Alikuwa anakula uji wetu, anafanya mazoezi kwenye jua letu, basi.

Sasa tuje Ireland. Kisiwa kile kina majimbo manne ya jadi: Leinster, Munster, Ulster na Connacht. Kila jimbo lina timu moja ya raga ya kulipwa. Ulster inachukua Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, pamoja na kaunti tatu za Jamhuri, lakini kwenye raga kisiwa kizima kina timu moja ya taifa. Connacht ndiyo ya magharibi, kwenye upepo na mvua ya Atlantiki, kaunti tano tu, na ndilo jimbo lenye watu wachache kuliko yote.

Raga ya wachezaji 15 ilikuwa ya ridhaa mpaka Agosti 1995, ndipo malipo yakaruhusiwa rasmi. Kwingine, kama Ufaransa, klabu na matajiri wao wakashika hatamu. Ireland wakafanya vingine: chama cha taifa cha raga kikazishika timu za majimbo, ndicho kinachosimamia fedha na mikataba, na nyota wa juu kabisa wana mikataba na chama chenyewe. Chama kinaweza kusema fulani apumzike wiki hii, timu ya taifa inamhitaji. Kocha wa jimbo anameza mate, anapanga mwingine. Kwa jibu fupi la swali lako la pili, ni chama hicho, pamoja na viingilio, televisheni na wadhamini.

Utaratibu huo mimi naupenda nusu. Mshahara unafika, vijana wanalelewa kwenye shule ya vipaji ya jimbo, na hakuna mwenye timu anayeweza kuamka asubuhi akaamua kuiuza. Lakini mkono unaokulisha ndio huohuo unaoweza kukunyima. Kwa miaka mingi Connacht walipewa fungu dogo kuliko wenzao, wakaambiwa wao ni wa kukuza vijana. Mwanzoni mwa 2003 chama, kikitafuta pa kubana matumizi, kikafikiria kuifuta kabisa. Mashabiki wakasafiri kutoka magharibi hadi Dublin, wakaandamana kwenda Lansdowne Road yalipo makao ya chama. Mpango ukawekwa kando. Wakati huo timu haikuwa na kombe lolote kubwa, na uwanja wao wa Galway ulikuwa umezungukwa na njia ya mbio za mbwa. Watu waliandamana kwa ajili ya timu inayofungwa, mgosi. Ukiulizwa tena timu ni ya mkoa kivipi, anzia hapo.

Huyo kocha wa Samoa ni Pat Lam, mzaliwa wa Auckland, aliyefika 2013. Aliwakuta na uwanja wenye upepo ambao kila kocha aliyemtangulia aliuona sababu ya kupiga mpira mbali na kuukimbiza. Yeye akawataka wapasiane hata ndani ya eneo lao wenyewe, hata mvua ikinyesha. Wengi walidhani ni wazimu. Novemba 2015 wakasafirishwa hadi Krasnoyarsk, Siberia, kwenye theluji, wakashinda, wakapata taabu ya ndege wakati wa kurudi, na mwezi huohuo wakawafunga Munster nyumbani kwao Limerick kwa mara ya kwanza tangu 1986. Tarehe 28 Mei 2016, Murrayfield mjini Edinburgh, wakachukua ubingwa wa ligi kwa kuwafunga Leinster, matajiri wa Dublin, 20 kwa 10. Trai moja, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli kwa pointi tano, alifunga Niyi Adeolokun. Ndiye Mnigeria wako: kazaliwa Ibadan, kakulia Dublin. Nahodha alikuwa John Muldoon, mtoto wa Portumna, kaunti ya Galway hasa, aliyekuwepo tangu enzi za vipigo. Sikioni mnachokicheka hapo.

Huyo wa Auckland bila shaka ni Bundee Aki. Alikuja 2014, na kwa kanuni za wakati ule miaka mitatu ya kuishi nchini ilimtosha kuichezea Ireland, akaanza 2017. Baadaye kanuni ikapandishwa hadi miaka mitano, kwa sababu mataifa yalikuwa yanavuna tu. Hapo wenzako wangekuwa na hoja, ila wangeielekeza kwa timu ya taifa.

Wakitaka kukucheka kwa haki, wacheke hili: kiangazi kilekile cha ubingwa, Robbie Henshaw, mmoja wa vijana wao bora, akahamia Leinster. Sisi tuliomwona Bakari Mwamnyeto akitoka unahodha wa Coastal kwenda Yanga 2020 hatuhitaji kusimuliwa. Bingwa wa mkoani anashangiliwa Mei, Juni mwenye pesa anapiga simu. Jezi yako ivae.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu wa miaka 15 yuko shule Arusha, ameanza raga. Nimeona video watu wanarukiana kama ng'ombe. Nimkataze?
Mama, Muheza

JIBU: Usimkataze kabla hujampigia simu kocha wake. Raga ina kanuni nyingi za kulinda mwili kuliko inavyoonekana kwenye video, na shida huja pale kocha asipozifuata. Kumkaba mtu juu ya mabega ni kosa. Kadi ya njano humtoa mchezaji dakika 10. Kwa walio chini ya miaka 19, kwenye skramu, pale kundi linaposukumana kugombea mpira, hairuhusiwi kuwasukuma wenzako zaidi ya mita moja na nusu. Anayeonekana kagongwa kichwa anatolewa nje, na kwenye mechi za shule harudi uwanjani siku hiyo hata aseme yuko sawa sawa.

Basi muulize kocha haya: nani anasimamia huduma ya kwanza siku ya mechi, kijana amefundishwa kuanguka na kukaba kabla ya kupangwa, na anawekwa na wa umri na uzito wake? Akibabaika kwenye la kwanza, mwambie kijana aendelee na raga ya kugusana tu, isiyo na kukabana, mpaka shule ijipange. Na umnunulie kinga ya meno. Ni bei ndogo kuliko jino la mbele, na mtoto wa miaka 15 hatakuomba mwenyewe.