Mpangaji atakayezidi, au yuniti zitakazozidi?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha hisabati na nimepanga chumba Ngamiani, Tanga. Nyumba ina luku moja, ila kila chumba kina mita yake ndogo. Mwenye nyumba amebandika karatasi ukutani: "Umeme ni sh. 100 kwa yuniti. Mpangaji atakayezidi yuniti 20 kwa mwezi atalipa sh. 350 kwa yuniti." Jirani yangu, kwa joto hili na feni usiku kucha, ametumia yuniti 24. Anasema deni lake ni sh. 3,400. Mwenye nyumba anadai sh. 8,400. Wameniita niamue kwa sababu ni mwalimu wa hesabu, na mimi naona hesabu za wote wawili ni sahihi. Kiswahili kinasemaje? Na kanuni kama hii, inayobadilika ukivuka kiwango, niieleze vipi ubaoni kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umeona vizuri. Yuniti 20 kwa 100 ni 2,000, nne za juu kwa 350 ni 1,400, jumla 3,400. Na 24 mara 350 ni 8,400. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Wanagombania silabi moja tu, -ye- iliyo katikati ya "atakayezidi".

Hiyo -ye- ni kirejeshi, yaani silabi inayoonyesha ni nani au nini kinachosemwa, na hapa inarejea kwa mpangaji. Aliyevuka mstari ni mtu, na akishavuka, bei mpya ni yake yeye. Karatasi haisemi lolote kuhusu yuniti zake 20 za kwanza, kama zinabaki kwenye bei ya zamani au zinamfuata huko alikokwenda. Kwa sarufi peke yake, basi, mwenye nyumba ana pa kushika, na najua jirani yako hatapenda kulisikia hilo. Angeandika "yuniti zitakazozidi 20 zitalipiwa sh. 350", kirejeshi kingekuwa -zo-, waliovuka mstari wangekuwa yuniti nne, na kesi isingekuwepo.

Wapo watakaosema kwamba hata -zo- haitoshi, na wana hoja. Tunasema "ametumia yuniti zinazozidi 20" tukimaanisha jumla yake yote, si zile nne za juu. Ndiyo maana sentensi nzuri ya bei haiachi kazi yote kwa kirejeshi. Inatanguliza "za mwanzo": "Yuniti 20 za mwanzo kila mwezi ni sh. 100 kila moja. Kila yuniti itakayozidi hapo ni sh. 350." Ukishasema "za mwanzo", umezifungia zile 20 chumba chao, hakuna wa kuzigusa. Na "kila yuniti", kwa umoja, inazuia mtu kuzikumbatia zote kwa pamoja.

Utakutana na jambo hilihilo stendi ya Kange. Tangazo likisema "mzigo unaozidi kilo 20 utalipiwa", kinachozidi ni mzigo, basi kondakta ana haki ya kuuliza bei ya mzigo mzima. Likisema "kilo zitakazozidi 20", unalipia za juu tu. Abiria wengi husoma la kwanza kana kwamba ni la pili.

Nadhani mwenye nyumba wenu ameiga viwango vya TANESCO bila kuiga maneno yake. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, lilipangiwa sh. 100 kwa yuniti kuanzia sifuri hadi 75, na sh. 350 kwa zinazozidi hapo. Kodi na tozo tuziweke kando. Mwenye kutumia 76 analipa 7,500 za mwanzo na 350 ya ile moja, yaani 7,850. Kwa usomaji wa mwenye nyumba wenu angelipa 26,600. Kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, halina ngazi hizo, lilipangiwa sh. 292 tangu yuniti ya kwanza. Kwa hiyo mtu akitolewa D1 akapelekwa T1, yuniti zake zote hubadilika bei, na hapo -ye- ni halali kabisa, kwa kuwa aliyehama ni mteja. Mitaani tunayachanganya haya mawili katika neno moja, "ukizidi 75 bei inapanda", na kila mtu anaelewa lake.

Kodi ya mshahara nayo inapotoshwa vivyo hivyo. Jedwali la Bara linasema anayepata zaidi ya milioni moja kwa mwezi hukatwa sh. 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kiasi kinachozidi 1,000,000. Tazama hiyo -cho-: inakamata kiasi, haimkamati mfanyakazi. Kipato kinachotozwa kodi kikipanda hadi 1,010,000, kodi inaongezeka sh. 3,000 tu. Bado utamsikia mtu akisema heri asiongezwe mshahara, ataingia kwenye asilimia 30.

Tahadhari nyingine, hasa kwako wewe wa hesabu: usiandike "akizidisha yuniti 20". Darasani kuzidisha ni kazi ya alama ya mara. Tena nje ya darasa "amezidisha yuniti nne" ni kwamba amepita kiwango kwa nne, si kwamba ametumia nne. Kuzidi kunatosha.

Sasa ubaoni. Gharama iite G, yuniti ziite y. Kwa usomaji wa jirani, G ni 100y pale y isipozidi 20, na ni 2,000 + 350(y − 20) pale y inapozidi 20. Mimi huiita kanuni ya vipande. Wanafunzi wakisema fankisheni ya vipande, waache.

Kwenye kutaja mipaka ndipo penye mtego. "Chini ya 20" na "zaidi ya 20" zinaiacha 20 yenyewe yatima. "Sifuri hadi 20, kisha 21 na kuendelea" inaonekana safi, lakini mita husoma hata desimali, na 20.6 haina pa kukaa. "Isiyozidi" na "inayozidi" hazibakizi kitu, nazipendelea hizo.

Halafu wape wanafunzi zoezi la kusimama mpakani. Kwa usomaji wa jirani, 20 ukiiweka kipande chochote jibu ni 2,000, kwa hiyo hata neno la mpaka likikosewa kidogo hakuna anayeumia. Kwa usomaji wa mwenye nyumba, vipande ni 100y na 350y: mwenye 20 analipa 2,000 na mwenye 21 analipa 7,350. Yuniti moja imegharimu sh. 5,350! Na ikiwa mtu ataandika "kuanzia 20" badala ya "zaidi ya 20", mwenye 20 kamili anatoka 2,000 anakwenda 7,000.

Kuhusu deni la mwezi huu, hili ni oni langu, si sarufi. Mwenye nyumba ndiye aliyeshika kalamu, na mpangaji hakuwa na nafasi ya kurekebisha hata nukta. Maneno yakibeba maana mbili, kwangu mimi yasomwe kwa faida ya asiyeyaandika: jirani alipe 3,400, na karatasi ibanduliwe leo ibandikwe nyingine. Kama kweli mwenye nyumba alikusudia faini, aseme hivyo waziwazi: "Mpangaji atakayezidi yuniti 20 atalipa sh. 350 kwa yuniti zake zote, tangu ya kwanza." Aone kama atapata wapangaji.