Kila dharura ilikuwa na siku yake ya udogo

Kwa miaka sita ya mwanzo ya ajira yangu nilisifiwa kwa jambo ambalo leo ninalihesabu kuwa kasoro. Nilikuwa mtu wa zimamoto. Katika kampuni ya malori niliyoifanyia kazi jijini Dar es Salaam, nikishughulikia hesabu, mishahara na nyaraka za magari, palipoharibika jambo saa mbili usiku jina la kwanza kutajwa lilikuwa langu, nami nilizipokea simu hizo kwa fahari ambayo sasa inanitia haya. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini matatizo yaleyale yalinirudia katika tarehe zilezile.

Aliyenizindua ni dereva mmoja, na wala hakukusudia. Ilikuwa Ijumaa jioni, gari lake limeshafika Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, baada ya kupita mizani ya Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba bila tatizo, na mzigo ulikuwa wa kuvuka kwenda Zambia. Akanipigia simu. “Mhasibu, hapa wamenirudisha. Pasi yangu imekwisha muda.” Nikafanya nilichozoea kukifanya: nikamtafuta dereva mwingine mwenye pasi hai, nikampa nauli na posho, akapanda basi Mbezi alfajiri ya Jumamosi na kufika Tunduma usiku, gari likavuka siku iliyofuata. Jumatatu mkurugenzi akanishukuru mbele ya watu, akisema kwamba bila mimi mzigo ule ungelala mpakani wiki nzima.

Nikarudi mezani kutafuta nakala ya ile pasi ili niandike maelezo. Ilikuwa ndani ya faili la dereva, faili nililolifungua kila mwisho wa mwezi kuhakiki posho zake, na ukurasa wenye tarehe ya mwisho wa matumizi ndio uliokuwa juu kabisa. Miezi minane mfululizo nilikuwa nikiifunua karatasi ile ili niifikie iliyo chini yake. Moto niliosifiwa kuuzima niliuwasha mwenyewe.

Sote tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijakutana bado na mfanyakazi anayeipinga methali hiyo. Isichosema methali ni nani atakayeuzunguka ukuta kutafuta ufa siku ambayo hakuna aliyelalamika. Mimi nilikuwa hodari wa kuziba nyufa nilizoonyeshwa. Kuzitafuta sikuwahi kukuhesabu kuwa ni kazi, kwa sababu hakuna aliyenituma.

Nilichokifanya baada ya kisa kile kilikuwa kitu kidogo mno. Nilichukua kaunta buku, na kila dharura ilipokwisha niliandika jibu la swali moja: ni siku gani jambo hili lilikuwa bado dogo, na ni wapi ningeweza kuliona? Sikuandika nani alaumiwe, maana hilo hujaza kurasa bila kubadilisha chochote. Baada ya miezi mitatu niliyasoma majibu yangu kwa pamoja na nikaona kwamba zaidi ya nusu ya dharura hazikuwa dharura hata kidogo, kwani zilikuwa na tarehe zinazojulikana, zimeandikwa kwenye karatasi zilizokuwa ndani ya chumba nilichokaa.

Chukua suala la mishahara. Kodi ya wafanyakazi hutakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na ritani ya VAT huwa na tarehe 20 yake. Hakuna mwezi ambao tarehe 7 iliwahi kutushtukiza kwa kuja mapema, lakini kila ifikapo tarehe 5 ofisi yetu ilikuwa kama nyumba yenye msiba. Niliamini kwamba chanzo ni uchache wa watu. Kaunta buku ikanionyesha kwamba kila mara tulikuwa tunasubiri kitu kimoja, yaani hesabu ya saa za ziada za mafundi wa gereji, ambayo msimamizi wao aliileta alipoikumbuka. Siku moja, tarehe 22, nikashuka gereji nikakaa naye juu ya gurudumu la akiba. Nikagundua kwamba fomu zilikuwa zinatunzwa ofisini ghorofani, na mtu ambaye mikono yake ina grisi mchana kutwa hawezi kupanda ngazi kila jioni kuandika mistari miwili. Basi alikuwa anajaza mwezi mzima kwa kukumbuka, na akishindwa kukumbuka anaahirisha. Nikaning'iniza fomu kwenye msumari kando ya mlango wa stoo ya vipuri, na kalamu nikaifunga kwa uzi. Tarehe 5 imekuwa siku ya kawaida tangu hapo, ingawa kalamu yenyewe imeshaibiwa mara nne.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kuyawahi matatizo kabla hayajakua humtaka mtu aamke saa kumi alfajiri na apange miaka kumi ijayo. Sina ugomvi na wanaoweza. Mimi hutenga nusu saa tu kwa wiki, Alhamisi saa nne asubuhi, nikitazama yatakayotokea ndani ya wiki sita: pasi na leseni za madereva, bima, vibali vya LATRA, magari yatakayohitaji matengenezo kabla ya safari ndefu. Nimeichagua Alhamisi kwa makusudi, kwa sababu tatizo ukiligundua Ijumaa mchana, ofisi utakayoihitaji inakaribia kufungwa na umejitengenezea dharura nyingine ya Jumatatu.

Anayetaka kuanza ajue pia kwamba hakuna atakayempigia makofi. Madereva waliniona msumbufu, na mmoja alisema waziwazi kwamba mhasibu siku hizi ana wasiwasi kama mtu anayedaiwa. Mkurugenzi naye, alipoona simu za usiku zimepungua, aliniuliza kama kazi zangu zimekuwa chache, na kusema kweli niliumia. Tangu siku hiyo humwandikia kila mwezi ukurasa mmoja unaotaja yaliyokuwa yanakaribia kuharibika na yaliyofanyika kabla hayajaharibika. Ninaona ni udhaifu wa viongozi wengi kumjua aliyekesha na kutomjua aliyewafanya wengine walale, lakini mfanyakazi asiyeieleza kazi yake isiyoonekana naye anachangia udhaifu huo.

Wala sidai kwamba kila kitu hutabirika. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 na barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga, hapakuwa na faili lolote ambalo lingetuambia hivyo mwezi mmoja kabla. Kulikuwa na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa siku chache tu kabla ya tukio, tukazishikilia yadi gari mbili zilizokuwa zipakie kwenda Mtwara, na mteja akanuna. Wakati mwingine nafasi unayopewa ni ya siku mbili, na kuitumia vizuri humaanisha kuvumilia kununiwa kwa siku hizo mbili.

Nyumbani nilichelewa zaidi kuliko kazini, labda kwa sababu nyumbani hakuna faili. Niliendelea kununua umeme wa LUKU gizani, nikimulika mita kwa simu yenye chaji ya mwisho. Lakini lililonisumbua hasa ni dawa za mama. Yeye anaishi Muheza, humeza kidonge kimoja cha presha kila asubuhi, na si mtu wa kuomba. Ukimuuliza kuhusu dawa atakujibu kwamba anaendelea vizuri, hata kama cha mwisho alikimeza juzi. Mara mbili nilipata habari kwa jirani, na mara zote mbili nikatuma pesa kwa haraka na kulala na wasiwasi. Siku hizi simuulizi hali ya dawa. Kila tarehe 20 humpigia na kumwomba avimimine vidonge mezani avihesabu nikimsikia. Mwanzoni alinicheka, akasema mwanawe amekuwa bwana stoo.

Februari iliyopita alivihesabu kwa sauti, taratibu, akaishia kumi na moja. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba madhali tumo katika kuhesabu, bati la jikoni lina matundu matatu, na masika bado hayajaanza.