Madam, mimi sina wimbo

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mwalimu mmoja wa Mbeya. Ameanzisha kikundi cha tarumbeta shuleni kwake kwa vyombo vilivyokuwa vimelala kanisani. "Madam, Januari niliandikisha 40. Sasa ninao 6, na mmoja wao nadhani anafuata chai. Nimekosea wapi? Na tuba yetu, lile dude kubwa la besi, imebonyea, niipeleke wapi?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Mwaka 2018 nilianza na 34, Novemba nikabaki na 5. Mkuu wa shule wa wakati ule akasema kwenye kikao, walimu wote wakisikia, kwamba ile stoo ya vyombo ingefaa zaidi kuwekea mahindi. Watu wakacheka. Mpaka leo nikikutana naye huwa nasikia kile kicheko kabla hajanisalimia.

Lawama zote niliwabebesha wazazi. Nafundisha Kilimanjaro, ambako tarumbeta zilikuja na wamisionari wa Kijerumani na hazikuondoka nao. Mlutheri wa huku anaweza kuoa na hata kuzikwa kwa tarumbeta. Lakini mzazi huyohuyo anayezishangilia harusini, mwanawe akifika Kidato cha Pili anaanza: mtihani wa upimaji, mtihani wa upimaji. Nikaamini mtihani ndio unaoniibia watoto. Nilikuwa na binti mmoja wa baritoni, ile ndugu ya tarumbeta yenye sauti nene, mdomo safi, pumzi ndefu, hakosi mazoezi. Agosti akaacha. Nilimwendea mama yake nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Miaka mitatu baadaye nikakutana na yule binti stendi ya Moshi. Shikamoo Madam, akanipokea mfuko, tukasimama kivulini. Nikamwuliza, lile la upimaji lilikuwa kweli? Akainama kidogo, akacheka. "Hapana Madam. Mimi mwaka mzima nilipiga so na do. Siku nilipobeba baritoni nyumbani, mama akaniambia haya nipigie wimbo. Nikamwambia, mama, mimi sina wimbo."

Nilirudi nyumbani nikafukua madaftari. Tulifanya nyimbo saba mwaka ule. Baritoni: so, so, do, so. Ukurasa mzima. Wimbo wenyewe walikuwa nao watoto wanne wa tarumbeta ya kwanza, na wanne hao wote walikuwa miongoni mwa wale watano waliobaki. Niliyaona hayo kwa mwandiko wangu mwenyewe, usiku, na mama wa watu nilishamtukana.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa Mbeya, kabla hujawafuata wazazi, fungua daftari lako. Mtoto wa tuba anapiga nini? Akiulizwa kwao leo, ana wimbo?

Siku hizi hakuna anayemaliza mwezi wa kwanza bila wimbo wake, hata wa tuba, hata wa tromboni. Noti tano zinatosha, do mpaka so. Na anza na solfa, hizo do re mi, kwa sababu watoto wetu wengi wamekulia kwaya na solfa wanaijua. Nota za mistari zitawakuta wakiwa tayari wameshanogewa. Kwenye vali za tarumbeta, vile vitufe vya vidole, do hubonyezi kitu. Re unabonyeza vali ya kwanza na ya tatu, mi ya kwanza na ya pili, fa ya kwanza peke yake, halafu so hubonyezi kitu tena. Hapo kwenye so ndipo wengi wanapovurugikiwa: vidole viko vilevile vya do lakini sauti ni nyingine, na kinachozitenganisha ni midomo na pumzi tu. Mtoto anapuliza anatafuta so, inatoka do, wenzake wanaangua kicheko, kesho humwoni. Mkalishe pembeni siku mbili tatu na mwenzake wa Kidato cha Tatu. Si na wewe. Wewe unamtisha.

Kuandikisha kwenyewe sina mengi. Usisimame mstarini kuhubiri faida za muziki. Mimi nilihubiri, nikapiga na tarumbeta mwenyewe kwa madaha, wakaja 34 kunitazama mimi. Waachie jukwaa wa Kidato cha Pili, hata wakikosea. Na usigawe vyombo kwa kilichobaki. Niliwahi kumpa tromboni mtoto mfupi kuliko wote kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki. Mkono wake haukuufikisha ule mtelezo, bomba la kusukuma na kuvuta, nafasi ya sita, sembuse ya saba. Alidumu wiki tatu.

Upimaji nao usishindane nao, utashindwa. Septemba nawapa ruhusa mimi mwenyewe, kabla hawajaiomba, na kila mmoja ananiandikia jina lake kwenye kisanduku cha chombo chake. Mtoto aliyeruhusiwa hurudi Januari. Aliyetoroka huona aibu hata kupita karibu na stoo.

Sasa ninao 26, na 19 kati yao wako mwaka wa tatu. Kwenye mahafali yaliyopita walipiga wimbo wa taifa na baritoni ndizo zilizoongoza, nilipanga hivyo makusudi. Nilitamani yule wa mahindi angekuwepo. Walimu wenzangu, tunawageuza watoto kuwa matofali ya kujengea sifa zetu, halafu tofali likiondoka tunasema kizazi hiki hakina uvumilivu. Tuwaombe radhi kwanza. Mimi yule mama nilimwendea tena, na kilo mbili za sukari. Alizipokea, hakunikaribisha ndani.

Uliuliza pia kuhusu tuba iliyobonyea. Usiipeleke kwa fundi wa bodi za magari. Mimi niliipeleka. Ilirudi imenyooka vizuri sana, imepigwa rangi ya bluu, na vali ya tatu inapanda ikitaka yenyewe. Watoto wanaiita Daladala.