Jibu: picha au maneno, kipi kinabeba tangazo la kampeni?

Mkuu umeuliza kwenye tangazo la kampeni kipi kina nguvu, picha au maneno. Mi naona ukivitenganisha tu umeshapotea. Chukua uchaguzi wa Tanzania 2015, kaulimbiu ya Magufuli, mgombea urais wa CCM: "Hapa Kazi Tu". Maneno matatu, hayasemi nani anafanya kazi wala kazi gani, hiyo "hapa" yenyewe ni wapi? Peke yake haina kitu. Halafu Magufuli anapiga pushapu jukwaani, wakati huo mjadala wa afya za wagombea umepamba moto, basi "kazi" ikapata mwili, na bila kumtaja mpinzani yeyote watu wakaanza kulinganisha wenyewe vichwani. Hapo ndo ufundi ulipo, nusu ya maana unaijaza wewe mtazamaji ndo maana unaiamini.

Uchaguzi wa Kenya 2022 vilevile, wilbaro, alama ya UDA, chama cha Ruto. Ruto alikuwa naibu rais tangu 2013, lakini wilbaro na neno hasla (mtu wa kawaida anayehangaikia riziki) vikamweka upande wa msukuma mkokoteni. Inaniuma kidogo, coz ile picha iligusa shida za kweli za watu. Ukiona bango jaribu kuziba maandishi kwa mkono, angalia picha inasema nini, kisha fungua.