RCD inakata kila mkiwasha hita ya kuogea? Usikubali ing'olewe

Mkuu, umeuliza kuhusu RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) inayokata kila mkiwasha hita ya kuogea, na fundi wako anataka kuing'oa aunganishe moja kwa moja. Tafadhali usimruhusu. Mimi ni fundi umeme hapa Mwanza, na nyumba nyingi ninazoitwa ziko milimani: Bugarika, Mabatini, Isamilo. Huko RCD ndiyo inayowalinda watu.

Tatizo letu ni mawe. Kuna nyumba Bugarika bomba la bafuni lilikuwa linapiga shoti. Nilipofukua fimbo ya asi (inayopeleka ardhini umeme unaovuja) nikakuta kipande kifupi tu. Ilipogonga jabali, aliyeifunga aliikata akafukia kichwa. Asi ya namna hiyo ukiipima unaweza kukuta ukinzani wa omu 100 na zaidi. Sasa piga hesabu: volti 230 gawanya kwa 100, unapata ampia 2.3. Breka ya hita ni ya ampia 32, kwa hiyo haitashtuka kabisa, na bomba litabaki na umeme hadi mtu aliyelowa maji aliguse. RCD yenyewe inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampia 30, inakata papo hapo.

Kutafuta panapovuja: shusha breka zote, washa RCD, pandisha moja moja. Ikiangukia kwenye hita, fundi aitenganishe nyaya zote mbili, maana breka ya kawaida inakata laini (waya unaoleta umeme) tu, na nyutro (waya wa kurudisha) nayo huvuja. Kisha aipime kwa mega (kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja) ya volti 500.

Hapa mafundi wengi hukwama: hita inaweza kuwa mpya, nzima, na bado ikakata. Nyingi za bei nafuu zina elementi ya waya mtupu unaogusana na maji, hivyo umeme kidogo hupita kwenye maji yenyewe, na maji ya kisima yenye chumvi huupitisha zaidi. Hiyo haitibiwi kwa kugusa RCD. Nunua hita ambayo elementi yake imefunikwa.

Asi nayo irekebishwe. Jabali likikataa, tafuta mifuko ya udongo kati ya mawe, zamisha fimbo kadhaa zilizoachana na uziunganishe kwa waya wa shaba, kisha ipimwe upya. Na kile kitufe cha T (cha kuijaribu) kwenye RCD kibonyeze kila baada ya miezi michache. Isipokata, ibadilishwe siku hiyohiyo.